Kutofungamana na upande si kunyamaza

MNAMO Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake nchini Ukraine. Mataifa 141 yaliliunga mkono, matano yakalipinga na 35 yakajizuia kupiga kura. Kenya iliunga mkono. Tanzania, Uganda na Burundi zikajizuia. Zote nne ni wanachama wa Vuguvugu la Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Je, ni ipi iliyokiuka msimamo wa vuguvugu hilo?

Hakuna. Vuguvugu hilo lilipoundwa mjini Belgrade mnamo Septemba 1961, miaka sita baada ya kongamano la Bandung, waasisi wake, akiwemo Nehru wa India, Nasser wa Misri na Nkrumah wa Ghana, hawakukusudia kukaa kimya. Walichokataa ni kujiunga na miungano ya kijeshi ya mataifa makubwa na kuamriwa la kusema. Kila taifa lilibaki na haki ya kupima kila jambo kwa uzito wake.

Haki hiyo ina gharama. Mwaka 1965, Ujerumani Magharibi iliiondolea Tanzania msaada wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano wa Zanzibar na Ujerumani Mashariki. Mwalimu Nyerere aliitaka iondoe na misaada yake mingine. Baadaye, mataifa ya Magharibi yalipokataa kugharimia reli ya kuiunganisha Zambia na Dar es Salaam, China ilitoa mkopo usio na riba, na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ikajengwa. Hata hivyo, Tanzania haikuacha kupokea misaada ya Sweden na nchi nyingine za Magharibi.

Wapo wanaodai kuwa msimamo huu ulipitwa na wakati Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991. Lakini ushindani wa mataifa makubwa haukukoma. Leo hii unapitia katika mikopo, biashara na teknolojia. Kenya ilizindua reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 kwa mkopo wa China. Juni 2024, Marekani ikaitangaza mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, ya kwanza kusini mwa Sahara. Kushirikiana na pande zote mbili si kosa, mradi uamuzi ubaki mikononi mwa Wakenya.

Hapo ndipo penye tatizo. Mikataba ya mkopo wa reli hiyo ilitiwa saini mwaka 2014, lakini serikali haikuitoa hadharani hadi Novemba 2022. Ndipo umma ulipojionea kwamba inafuata sheria za China na kwamba mizozo itaamuliwa Beijing.

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Vuguvugu lina wanachama 121, na mkutano wake wa Kampala mwezi Januari 2024 ulisisitiza uhuru wa mataifa. Uhuru huo hauwezi kulindwa Kampala pekee. Huanzia katika bunge linalosoma mkataba kabla haujatiwa saini.