Kabla ya kukwea Batian, waulize wenyeji jua liko upande gani

WAHENGA hawakukosea waliponena kwamba kuuliza si ujinga. Kwa yeyote anayenuia kukwea miamba ya Mlima Kenya, usemi huo ni sharti la usalama.

Kila Desemba, baridi inapoanza kuuma Ulaya na Amerika Kaskazini, wapo wakwezi wa huko ambao hufunga mizigo na kuelekea nchi zenye jua. Baadhi yao hutua Nairobi wakiwa na kamba, kofia ngumu na kitabu cha mwongozo kilichoandikwa miaka mingi iliyopita. Swali ambalo husahauliwa ni lile jepesi kuliko yote: je, mwezi huu, upande huu wa mlima, mwamba ni mkavu?

Ni vyema kwanza kubainisha ni mlima gani tunaouzungumzia, kwani Mlima Kenya ni kama milima miwili katika mmoja. Wageni wengi hukomea katika kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, ambako mtu hufika kwa miguu yake bila kuhitaji kamba. Vilele viwili vya juu zaidi, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, havifikiki ila kwa kukwea mwamba wima kwa mikono, miguu na kamba. Halford Mackinder alifika Batian mwaka wa 1899 akiwa na waelekezi wawili kutoka milima ya Alps. Nelion haukukwewa hadi mwaka wa 1929, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipofaulu.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo lenyewe. Mlima huu umesimama kilomita chache tu kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo, jua huuangaza kutoka kaskazini kwa takriban nusu ya mwaka, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyosalia. Uso wa mlima unaolielekea jua hukauka, na theluji iliyonata katika nyufa zake huyeyuka. Uso ulio kivulini huganda. Hivyo basi, kiangazi na majira ya baridi hukaa katika mlima mmoja kwa wakati mmoja, vikitenganishwa na ukuta wa mawe tu.

Matokeo yake huwashangaza hata Wakenya wenyewe. Julai, wakazi wa Nairobi wanapojifunika masweta na kulalamikia mawingu mazito, uso wa kaskazini wa Batian huwa katika kiangazi chake, na njia ya kawaida ya upande huo hukweleka vyema. Mwezi huohuo upande wa kusini hufunikwa na theluji na barafu. Ifikapo Januari na Februari mambo hugeuka: njia ya kawaida ya Nelion, iliyo upande wa kusini-mashariki, hukauka, ilhali upande wa kaskazini huwa na theluji. Mgeni anayekuja Januari akiwa amejiandaa kwa njia ya kaskazini, eti kwa kuwa rafiki yake aliikwea Agosti bila tatizo, atakuwa ameukosa msimu kwa miezi sita.

Juu ya hayo kuna mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya miezi ya mwisho wa mwaka huufanya mwamba uteleze, na maji yaliyoingia katika nyufa mchana huganda usiku. Mvua nazo hazifuati kalenda kama zamani. Vuli ikichelewa kuisha, theluji mbichi yaweza kuwa bado imetanda katika njia ya Nelion mwezi wa Januari. Habari kama hiyo haimo kitabuni. Anayo mtu aliyeshuka mlimani juma lililopita.

Kuna sababu nyingine inayofanya vitabu vya zamani visitegemewe. Barafu ya kudumu ya Mlima Kenya inatoweka. Watafiti wamekadiria kwamba barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani humo, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010. Mfereji wa barafu uitwao Diamond Couloir, ambao Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge waliukwea kwa mara ya kwanza mwaka wa 1973, uliwahi kuwa miongoni mwa njia za barafu zenye sifa kubwa zaidi duniani. Leo barafu yake haiaminiki tena. Hata pengo lililo kati ya Batian na Nelion, ambalo Waingereza waliliita Lango la Ukungu, hubadilika mwaka hadi mwaka. Palipoelezwa kuwa na theluji ngumu ya kukanyagika huenda leo pakawa na mawe yaliyolegea, na mawe hayo ndiyo humwangukia mtu kichwani.

Kukosea hesabu katika mlima huu kuna gharama. Mnamo Septemba 1970, daktari kijana kutoka Austria alianguka karibu na kilele cha Batian na kuvunjika mguu vibaya. Rafiki yake, naye akiwa daktari, alikaa naye juu huko katika baridi huku wakwezi wa Kenya wakijitahidi kuwafikia. Helikopta iliyoletwa kusaidia ilianguka na rubani wake akafa. Majeruhi huyo aliteremshwa baada ya zaidi ya wiki moja, kwa msaada wa waokoaji waliosafiri kutoka kwao Austria, na akapona. Kibanda kiitwacho Austrian Hut, kilicho katika mita 4,790, ni ukumbusho wa mkasa huo. Tanbihi, msomaji: Septemba ni mwezi unaofaa kwa uso wa kaskazini. Msimu mzuri humpunguzia mtu hatari, haumwondolei.

Je, aulizwe nani, na aulizwe vipi? Waelekezi wa Nanyuki, Naro Moru na Chogoria wanaujua mlima, lakini si wote waukweao mwamba. Anayewapeleka wageni Lenana kila wiki aweza kuijua njia hiyo kama kiganja chake na asiwahi kufunga kamba ya Batian. Chama cha wakwezi, Mountain Club of Kenya, kina wanachama wanaokwea vilele hivyo, na walinzi wa hifadhi katika malango wanajua ni nani aliyepanda na nani aliyerudi.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu na busara zake. Ukimuuliza mwenyeji, "Hali ya mlima ni nzuri?" atakujibu kuwa ni nzuri. Wala hakudanganyi. Desturi yetu haipendi kumvunja moyo mgeni kabla hajaketi, na kwa mwelekezi safari hiyo ni chakula cha watoto. Msalimu kwanza, umjulie hali, kisha uulize yale ambayo jibu lake haliwezi kuwa "nzuri" tupu. Nani wa mwisho kufika kileleni, na ilikuwa siku gani? Alipitia upande upi? Alihitaji njumu na shoka la barafu? Kamba na vishikizo vya kuteremkia viko katika hali gani? Mawingu hufunga saa ngapi siku hizi? Kibanda kidogo ambacho Ian Howell alikijenga kileleni Nelion mwaka wa 1970 kinaweza kulaza watu? Na mtu akiumia, nani ataitwa, na atachukua muda gani kufika?

La mwisho ni hili: uliza kabla ya kununua tiketi ya ndege, kisha uulize tena ukifika langoni. Aliyekwisha kutumia fedha na likizo yake yote huwa mgumu wa kusikia, na mwenyeji akimwambia angoje siku tatu hudhani anacheleweshwa makusudi. Asiyeweza kungoja na abadilishe upande, au aridhike na Lenana. Batian utakuwepo mwakani, na jua litarudi upande wake kama ilivyo ada.