Togwa ya bibi ina kazi gani tumboni mwa mtoto?

Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Dar es Salaam alipokea mgeni, mama mkwe wake kutoka Songea. Ndani ya mizigo kulikuwa na mfuko wa kimea cha ulezi, na keshokutwa yake jikoni kulikuwa na sufuria ya togwa. Mjukuu wa mwaka mmoja na nusu alikuwa ametoka kuharisha na amekonda.

“Mwanangu, mpe hii tumbo lijengeke,” alisema bibi.

“Samahani mama, kitu kilichochacha nitampaje mtoto aliyetoka kuharisha?” alijibu mkwewe.

Hawakugombana, lakini togwa ilikaa mezani siku nzima bila kuguswa. Jioni yule mama alinigongea, akitaka kujua nani yuko sahihi. Ukweli ni kwamba kila mmoja ana hoja.

Ukuta mwembamba

Utumbo umetandikwa ndani kwa safu moja tu ya seli, iliyofunikwa na ute. Safu hiyo ndiyo inayofyonza chakula na kuzuia vijidudu visiingie mwilini. Mtoto akiharisha mara kwa mara, ukuta huo huumia na kuvuja. Anakula, lakini mwili haupati kile alichokula. Habari njema ni kwamba seli hizo hujijenga upya kila baada ya siku chache, ilimradi zipate chakula na utulivu.

Hapo ndipo bakteria wazuri wanapoingia. Wale wanaoishi kwenye utumbo mpana hula nyuzinyuzi za nafaka, maharage na mboga, kisha hutoa asidi ambazo ni chakula cha seli za ukuta huo. Wengine hutengeneza vitamini K na baadhi ya vitamini B. Pia hushindana na vijidudu vya maradhi kwa nafasi na chakula.

Ndani ya sufuria

Togwa hutengenezwa kwa kupika uji wa mahindi, mtama au muhogo, kuuacha upoe hadi uvuguvugu, kisha kuongeza unga wa kimea na togwa kidogo ya zamani. Kimea huufanya uji uwe mwepesi, hivyo unaweza kuweka unga mwingi zaidi na mtoto bado akameza. Bakteria nao hugeuza sukari kuwa asidi, ule uchachu unaousikia mdomoni. Watafiti wamekuta ndani ya togwa bakteria aina ya Lactobacillus plantarum, ambao ni miongoni mwa wanaochunguzwa sana duniani kwa faida zao tumboni.

Uchachu huo hufanya kazi mbili. Vijidudu vingi vya kuharisha hushindwa kustawi humo. Pia uchachushaji hupunguza kemikali ya nafaka inayoshikilia madini ya chuma na zinki, hivyo mwili huyapata kwa urahisi zaidi.

Haya yamepimwa hapa hapa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliangalia watoto waliokuwa wakiharisha, na ukuta wa utumbo wa waliolishwa uji uliochachushwa ulionyesha kupona vizuri zaidi. Mwingine wa mwaka 1999 uliwapa watoto wenye afya, walio chini ya miaka 5, togwa mara moja kwa siku kwa siku 13. Idadi ya waliokutwa na vijidudu vya kuharisha kwenye choo ilipungua.

Hoja ya mama

Hata hivyo, hofu ya mama si ya bure. Togwa nzuri huharibiwa na mikono michafu, na wengi huizimua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa wakati wa kunywa. Zimua kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, tumia chombo safi chenye mfuniko, na usitumie mahindi yenye ukungu, kwa sababu kuchachusha hakuondoi sumu yake yote. Usiichemshe tena baada ya kuchacha, utaua bakteria unaowataka.

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe. Huyo ni maziwa ya mama tu. Na togwa siyo dawa ya kuharisha. Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, na aendelee kunyonya na kula. Akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, au akishindwa kunywa, mkimbize kituo cha afya. Usimpe antibiotiki za kujinunulia dukani, kwani huua bakteria wazuri pamoja na wabaya.

Kumbuka pia kwamba togwa peke yake haimkuzi mtoto. Anahitaji maharage, dagaa, yai, mboga na matunda.

Nilipomaliza kueleza, jirani yangu alirudi kwake na kumwambia bibi, “Mama, nifundishe, ila maji nitachemsha mimi.” Siku mbili baadaye walipika sufuria mpya pamoja. Mjukuu alimaliza kikombe kidogo, akasogeza tena kikombe kuomba kingine.