Herufi za Gia Katika Motokaa Zisizo na Klachi

Itazame motokaa ijayo kijijini kwenu kumchukua bibi arusi au mgonjwa. Nyingi siku hizi ni zile zilizokwisha tumika Japani, nazo kwa wingi hazina klachi. Chini ya usukani mna vikanyagio viwili tu, breki na mafuta. Na penye mkono wa gia, badala ya tarakimu tulizozizoea, pameandikwa herufi: P, R, N, D, na pengine 2 na L. Kijana aliyejifunzia gari la klachi huzitazama akacheka, akasema, "Hili hata mtoto aweza kuliendesha!" Ni kweli, hata mtoto aweza kuliondoa, na hapo ndipo penye hatari.

Sababu yake ni hii. Ukiweka feni mbili mezani zikatazamana, ukawasha moja tu, upepo wake utaizungusha na ile ya pili isiyo na umeme. Katika mengi ya magari haya kazi ya upepo hufanywa na mafuta ya giaboksi. Injini huzungusha panga la kwanza, mafuta hulisukuma panga la pili, nalo hupeleka nguvu magurudumuni. Hata injini ikinguruma polepole, ile nguvu kidogo ipo. Kwa hiyo gari lililowekwa D au R huanza kutambaa lenyewe mara uinuapo mguu kwenye breki, ingawa hukugusa mafuta. Basi usisogeze mkono wa gia kabla ya kukanyaga breki, wala usimwache mtoto peke yake ndani ya gari linalonguruma. Mguu wa kushoto upumzike. Breki na mafuta ni kazi ya mguu wa kulia peke yake.

Sasa herufi zenyewe. R ni rivasi, kurudi nyuma. D ni kwenda mbele, na gari hujibadilishia gia lenyewe kadiri ya mwendo. N ni nyutro: injini na magurudumu havishikani, na gari lililo mteremkoni litaondoka kama jiwe. P ni ya kuegesha, na hii yataka maelezo, kwa maana wengi huiamini kupita kiasi. Ndani ya giaboksi mna jino moja la chuma linaloingia katika gurudumu lenye meno na kulizuia. Jino hilo ni dogo, na gari zima limeliegemea! Ukisimama penye mteremko, shika breki kwa mguu, vuta hendibreki kwanza, ndipo uweke P, kisha uinue mguu. Hivyo uzito wa gari hukaa juu ya hendibreki, na jino hubaki kuwa msaidizi.

Tena P haisaidii sana gurudumu likiinuliwa kwa jeki. Jino lile huzuia magurudumu yanayosukumwa na injini tu. Na moja la hayo likiwa hewani, huweza kuzunguka huko juu, na mwenzake aliye chini naye akazunguka, gari likateleza na kuanguka jeki. Kabla ya kubadili tairi, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu yaliyobaki chini. Watoto, ambao hupenda mno kuchungulia, wafukuzwe mbali.

Huenda wauliza kwa nini herufi zimepangwa hivyo. Gari la kwanza la namna hii kuuzwa kwa wingi lilikuwa Oldsmobile la Marekani, toleo la 1940. Katika mpango wake rivasi ilikaa jirani na gia ndogo ya kwenda mbele, bila nyutro katikati, na dereva aliyekosea kidogo alikwenda nyuma badala ya mbele. Tangu tarehe 1 Januari 1968 sheria ya Marekani ikataka nyutro ikae kati ya kwenda mbele na kurudi nyuma.

Hata hivyo makosa hayakwisha. Mwezi wa Juni 2016, huko Los Angeles, mwigizaji wa sinema Anton Yelchin, kijana wa miaka 27, alikufa nyumbani kwake baada ya gari lake, Jeep Grand Cherokee, kuteremka lenyewe na kumbana kwenye nguzo ya lango. Miezi miwili kabla ya hapo watengenezaji walikuwa wametangaza kuyarudisha magari zaidi ya milioni moja yenye mkono wa gia wa namna hiyo. Mkono ule ulirudi katikati kila uliposogezwa, hata dereva akashuka akidhani ameweka P. Kwa hiyo usiuamini mkono wako peke yake. Soma herufi inayowaka mbele yako, uvute hendibreki, uzime injini, ndipo ufungue mlango.

Zile 2 na L hazitumiwi na wengi, nazo ndizo za milimani. Ukiweka 2, gari halipandi kupita gia ya pili. L hulishikilia katika gia ya kwanza. Dereva ateremkaye Kitonga, kule Iringa, apunguze mwendo kwanza, kisha aweke 2 au L, injini ilizuie gari nayo breki isipate moto. Katika magari yatumiayo petroli pamoja na umeme, kama Toyota Prius, kazi hiyo ni ya B. Wako wanaoweka N mteremkoni ili wabane petroli. Huo ni upumbavu, nami sioni neno la upole la kuuitia. Katika magari ya siku hizi, ukiteremka katika D bila kukanyaga mafuta, mara nyingi injini hukatiwa petroli kabisa. Katika N huendelea kunywa ili isizime. Na breki zikipata moto mno, hazishiki.

Mwisho, gari likikataa kuwaka. Tazama kwanza herufi, kwa kuwa injini huwaka katika P au N tu. Kama ni betri iliyokufa, msijichoshe kusukuma! Pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imelala, mafuta hayana nguvu, na magurudumu hayawezi kuiamsha. Tafuteni gari jingine na waya za kuazima umeme. Kulivuta kwa kamba mwendo mrefu, magurudumu yanayosukumwa na injini yakiwa chini, huweza kuunguza giaboksi, na giaboksi ni ghali kuliko betri mara nyingi. Kijana aliyekimbilia kamba aambiwe asubiri kwanza.