Unamwona adui, lakini sheria inasema humwoni: Ubishi wa miaka 10 kwenye D&D

Mchawi wako ana miezi minane mezani. Umemlea tangu akiwa hana kitu. Leo anapambana na adui asiyeonekana, na zamu iliyopita umetumia uchawi wa kuona visivyoonekana. Sasa unamwona waziwazi. Unashika dadu, halafu msimamizi wa mchezo anakwambia: "Kaka, bado unarusha kwa hasara."

Ubishi unaanza hapo.

Huo ni mfano tu, ila mzozo wenyewe ni wa kweli. Wachezaji wa Dungeons & Dragons (D&D) walibishana juu yake tangu kitabu cha sheria cha 2014 kilipotoka.

Kwa usiyeujua, D&D ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji anaigiza mhusika wake. Mmoja wao, msimamizi, anasimulia dunia nzima na kuwaendesha maadui. Jambo likiwa na mashaka, dadu ya pande 20 inaamua.

Shida iko wapi? Kitabu cha 2014 kilieleza hali ya kutoonekana kwa vipengele viwili. Cha kwanza: huonekani bila msaada wa uchawi au hisi maalumu. Cha pili: anayekushambulia anarusha kwa hasara, yaani dadu mbili na kuchukua namba ndogo, na wewe ukimshambulia unachukua namba kubwa. Kipengele hicho cha pili hakikusema "isipokuwa kwa anayekuona."

Si jambo dogo. Kama unahitaji 11 kwenda juu ili umpate adui, kwa dadu moja una nafasi ya asilimia 50. Kwa hasara inashuka hadi 25. Adui naye, akihitaji namba hiyohiyo, anapanda hadi 75. Miezi minane inaweza kuishia hapo.

Jeremy Crawford, aliyeongoza uandishi wa sheria hizo, aliwahi kutaja njia tatu za kuzisoma: kama zilivyoandikwa, kama zilivyokusudiwa, na kwa namna inayonogesha mchezo. Kwenye mzozo huu alisimama na maandishi: hasara inabaki.

Wanaokubaliana naye wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Kuna uchawi mwingine, Faerie Fire, unaosema wazi kwamba aliyemulikwa nao hanufaiki tena na kutoonekana. Kwa hiyo waandishi walijua kulisema hilo walipotaka.

Upande wa pili unauliza swali moja tu: nani angepoteza zamu nzima na uchawi wa ngazi ya pili ili amwone adui, halafu apige kama kipofu? Kusema kweli, ni swali gumu kulijibu.

Mezani hakuna muda wa kesi. Neno la mwisho ni la msimamizi, na njia inayofanya kazi ni kusikiliza pande zote dakika moja, kuamua, kisha mchezo uendelee. Mjadala kamili unasubiri hadi mwisho wa mchezo.

Lakini kinachowauma wachezaji mara nyingi si uamuzi wenyewe, ni kuusikia wakiwa wameshachelewa. Mchezaji aliyetumia uchawi akidhani utamsaidia hakucheza vibaya, alisoma sheria tofauti na msimamizi. Kumruhusu arudishe zamu yake hakuvunji kitu. Aliyewahi kucheza karata ugenini na kugundua sheria za nyumba ile baada ya kuliwa anaelewa hasira hiyo.

Jambo jingine ni kuuandika uamuzi huo pembeni. Wiki ijayo mchezaji ndiye atakuwa haonekani, na adui ndiye atakuwa na uchawi wa kumwona. Msimamizi akigeuza maneno siku hiyo, hata mwenye hoja nzuri ataonekana anapendelea.

Mwaka 2024 kitabu kipya kiliongeza sentensi iliyokuwa imekosekana: kama kiumbe fulani kinaweza kukuona, hupati faida hiyo dhidi yake. Meza zinazotumia kitabu cha 2014 bado inabidi ziamue zenyewe, na ni afadhali ziamue kabla dadu haijarushwa.