Moshi nao uko na njia yake: tuipange mbele ya kujenga jiko

Mchimbaji hashuki kwa shimo bila kuuliza hewa itapita wapi. Tunajua wote: motopompe ikiwashwa ndani ya galerie, watu wanaanguka bila kusikia harufu yoyote. Lakini tukirudi nyumbani, Butembo ama Beni, tunafunga mlango na dirisha, mbabula iko katikati ya chumba, na tunalala. Hewa inayoua ni ile ile: monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, inakamata fasi ya oksijeni ndani ya damu. Hata makala ikiisha kuwa mekundu bila moshi, inaendelea kuitoa.

OMS inahesabu kwamba moshi wa kupikia nyumbani uliua watu karibu milioni 3,2 mwaka 2020. Zaidi ya 237.000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Beni kuna joto, lakini usalama ukikosa watu wanapika ndani na mlango umefungwa. Butembo iko zaidi ya metre 1.700 juu ya bahari, na baridi ya usiku tunaijua. Mji ni vilima, nyumba nyingi zimekatwa ndani ya mteremko, chumba cha chini kinaegemea udongo. Ukitaka kuweka jiko la kuni pale, ujue ndiyo fasi ngumu kuliko zote. Hewa ya joto inapanda, inatokea kwenye dari na madirisha ya juu, na kuvuta hewa ya chini. Nyumba yenyewe inageuka bomba. Kama bomba la jiko ni fupi ama baridi, nyumba inalishinda nguvu, na moshi unarudi chumbani.

Basi, mbele ya kuita fundi, fuateni ile njia kwa macho, toka jiko mpaka juu ya mabati.

Kwanza, bomba liende wima. Kona zisipite mbili, na ziwe za kuinama, digrii 45, si za mraba. Kipande cha kulala kisipite metre moja, tena kipande kidogo kidogo.

Pili, lipite ndani ya nyumba, si nje ya ukuta, juu bomba lenye joto linavuta vizuri. Lakini lisikaribie mbao za sakafu na za dari: bomba la bati tupu linaomba karibu nusu metre. Nafasi ikikosa, jengeni la matofali ya kuchoma.

Tatu, upana uwe ule ule toka chini mpaka juu.

Ya ine, kichwa kipite paa. Ufaransa, sheria ya tarehe 22/10/1969 inaomba sentimita 40 juu ya kila sehemu ya jengo iliyo karibu, chini ya metre 8. Kwetu mlimani, angalieni pia nyumba ya jirani wa juu: moshi wenu usiingie kwa dirisha lake.

Ya tano, acheni tundu karibu na jiko, hewa ya nje iingie. Shimo lenye njia moja halipumui, na jiko vilevile.

Kisha mpanguse masizi mara kwa mara. Mbabula haina bomba: ibaki nje, hata kama inaonekana imezimika. Na kama watu wa nyumba wanaumwa kichwa pamoja, wanatapika, miguu inakosa nguvu, msingojee asubuhi: fungueni, tokeni wote, kimbilieni hospitali.

Wandugu, bomba linaomba makuta, na mtu anayehesabu dhahabu kwa grame atasema ni mengi. Lakini kwa shimo tunamudai PDG hewa bila haya. Nyumbani PDG ni wewe, na wenye kudai ni bibi na watoto.