Nafasi ya Kwanza Google Haiuzwi: Cha Bure na Cha Kulipia kwa Biashara Ndogo ya Nakuru

Mwenye saluni katika mtaa wa London, Nakuru, ana shida ambayo mwenzake wa Kiamunyi hana. Mteja akiandika "saluni London" kwenye simu, Google inaweza kudhani anazungumzia Uingereza. Jirani wa mtaa wa Hilton, kando ya jaa la Gioto, anagombania jina na hoteli za kifahari za dunia nzima. Wa Milimani na Pipeline wanagombania na Nairobi. Dawa ya shida hii ni neno moja, Nakuru, likiandikwa panapostahili: kwenye anwani, kwenye maelezo ya biashara na kwenye kichwa cha ukurasa wa tovuti. Halimgharimu mtu hata senti.

Lakini wenye biashara wengi hawaelezwi hivyo. Habari ya kuonekana mtandaoni huwafikia kwa simu ya muuzaji: lipa elfu kadhaa kila mwezi, tutakuweka namba moja. Wengine hulipa kwa kuogopa kuachwa nyuma. Wengine hukataa kila kitu, hata kile cha bure.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize mteja wako yuko wapi anapokutafuta. Fundi wa friji wa Shabaab hutafutwa na mtu aliye Lanet au Section 58, maziwa yanaganda na nyama inaanza kunuka. Gesti ya Naivasha hutafutwa na mtu aliye Nairobi, anayepanga wikendi ya wiki mbili zijazo. Wa kwanza anahitaji kuonekana kwenye ramani leo. Wa pili anahitaji picha, bei zinazoeleweka na ukurasa ulioanza kujulikana mapema. Anayewauzia hawa wawili paketi ile ile hajawauliza lolote.

Wasifu wa Google: bure, lakini una kazi

Hiki ndicho kile kisanduku chenye jina, nyota, saa za kazi, kitufe cha kupiga simu na ramani. Hadi Novemba 2021 kiliitwa Google My Business. Sasa ni Google Business Profile. Kukifungua ni bure na kukitunza ni bure. Google yenyewe inaeleza kwamba matokeo ya karibu hupangwa kwa mambo matatu: biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake kutoka kwa anayetafuta, na jinsi inavyojulikana. Inasema wazi pia kwamba hakuna malipo yanayoweza kukupandisha katika orodha hiyo.

Gharama yako ni bando na muda. Uthibitisho mara nyingi hufanywa kwa video: uonyeshe barabara na majengo ya jirani, bango, vifaa vya kazi, na ushahidi kwamba unaiendesha biashara mwenyewe, kama vile kufungua mlango kwa ufunguo wako. Kisha weka alama ya ramani mlangoni pako hasa. Katikati ya mji, ambako jengo moja lina maduka mengi kwenye ghorofa kadhaa, andika ghorofa na namba ya chumba. Fundi asiye na duka anaweza kuficha anwani ya nyumbani na kuchagua maeneo anayohudumia, hadi 20.

Makosa matatu huharibu kazi hii. La kwanza ni kuchagua aina ya biashara iliyo pana mno: anayetengeneza friji achague hiyo, asijiandike mtoa huduma za nyumbani. La pili ni kurefusha jina. Kama bango linasema "Umoja Electronics", usiandike "Umoja Electronics Friji Bei Nafuu Nakuru". Kanuni zinakataa, na wasifu unaweza kusimamishwa. La tatu ni kununua maoni ya wateja au kuahidi punguzo kwa anayetoa nyota tano. Hilo pia limekatazwa. Njia halali ni rahisi zaidi: kazi ikiisha na mteja akiwa ameridhika, mtumie kiungo cha maoni kwa WhatsApp siku hiyo hiyo. Na ukipewa maoni mabaya, jibu kwa adabu. Wanaosoma jibu lako ni wengi kuliko aliyelalamika.

Angalizo moja kuhusu picha. Picha za kazi yako zinasaidia, lakini sura ya mteja ni mali yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa. Mwenye saluni aombe ruhusa kabla ya kupakia picha ya msuko, au apige picha upande wa kisogo.

Tovuti yako mwenyewe: uliza bei ya mwaka wa pili

Mnamo 2011 Google, pamoja na Safaricom, benki ya Equity na KeNIC, msajili wa majina ya .ke, walizindua mpango wa kuziingiza biashara ndogo za Kenya mtandaoni. Baadaye Google ikatoa tovuti sahili za bure ndani ya wasifu wa biashara. Machi 2024 tovuti hizo zikazimwa. Chombo cha bure cha mtu mwingine kitumie, lakini usikifanye msingi wa nyumba.

Tovuti ina gharama tatu. Ya kwanza ni jina: anwani ya .co.ke huuzwa na mawakala wengi kwa takriban Sh 1,000 kwa mwaka. Ya pili ni mahali pa kuihifadhi, kwa kawaida Sh elfu chache kwa mwaka kwa tovuti ndogo. Ya tatu ni kazi ya kuijenga, na hapo ndipo bei hutofautiana sana. Kijana anayefanyia kazi nyumbani na kampuni yenye ofisi wanaweza kutaja bei zinazopishana mara kadhaa kwa kurasa zile zile tano. Usilinganishe bei ya kujenga peke yake. Uliza: mwaka wa pili nitalipa ngapi? Mabadiliko madogo ya bei au picha nitayafanya mwenyewe au nitalipishwa? Bei mliyotaja ina VAT ya asilimia 16 ndani yake au bado?

Swali kubwa kuliko yote ni la umiliki. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako na baruapepe yako, si ya fundi anayeijenga. Wasifu wa Google uwe chini ya akaunti yako. Fundi mpe nafasi ya msimamizi tu, unayoweza kumwondoa. Mkikosana naye na kila kitu kiko kwake, utaanza upya, na maoni ya miaka mitatu yatabaki mikononi mwake.

Tovuti nzuri kwa hapa kwetu ni nyepesi. Google husoma toleo la simu ili kuamua ukurasa uwekwe wapi, na mteja wako anaufungua kwa bando. Picha kumi nzito zinazozunguka zenyewe ni hasara mara mbili.

Matangazo ya kulipia: piga hesabu hadi kwenye faida

Matokeo yenye alama ya tangazo juu ya ukurasa wa Google hununuliwa kwa mnada, na unalipa mtu anapobofya. Unaweka kiasi cha siku. Kwa mwezi Google haitakutoza zaidi ya kiasi hicho mara 30.4. Faida yake ni kasi: leo hukuwepo, kesho upo. Ubaya wake ni kwamba ukiacha kulipa, unatoweka.

Chukua mfano wa kubuni. Fundi wa friji anaweka Sh 300 kwa siku. Kwa mwezi ni hadi Sh 9,120, na VAT ikiongezwa inakuwa kama Sh 10,580. Tuseme kila kubofya kunamgharimu Sh 30: anapata mibofyo 304. Mmoja kati ya 20 akipiga simu, hizo ni simu 15. Theluthi moja wakimpa kazi, ni kazi tano. Kila kazi imemgharimu zaidi ya Sh 2,100 kabla hajagusa friji. Kama faida yake kwa kazi ni Sh 1,500, anamfanyia Google kazi. Anayefunga mitambo ya sola au kuchimba visima, ambaye faida ya kazi moja ni makumi ya maelfu, hesabu hiyo hiyo inamlipa vizuri.

Kuna mpangilio mmoja unaomaliza pesa za watu kimyakimya. Tangazo lililoelekezwa Nakuru, lisipobadilishwa, huonyeshwa pia kwa watu walio mbali wanaoonyesha kupendezwa na Nakuru. Fundi wa friji achague waliopo Nakuru peke yao, la sivyo atalipia mibofyo ya Mombasa. Mwenye gesti ya Naivasha yeye anawataka hao walio mbali. Aelekeze tangazo Nairobi.

Majukwaa ya watu: hulipi mwanzo, unalipa kila siku

Mtu akitafuta hoteli Naivasha, ukurasa wa kwanza hujaa majina makubwa kama Booking.com. Gesti ya vyumba sita haitawapita kwa neno hilo. Inaweza kujiunga nao, na hapo gharama ni kamisheni. Tuchukue asilimia 15: chumba cha Sh 4,000 kinakatwa Sh 600 kwa usiku.

Sasa linganisha. Tovuti ya Sh 35,000 kuijenga na Sh 6,000 kwa mwaka kuitunza inagharimu Sh 41,000 mwaka wa kwanza. Ili ijilipe kwa kamisheni uliyookoa, usiku 69 lazima uuzwe moja kwa moja. Kuanzia mwaka wa pili, usiku kumi tu unatosha kulipia matunzo. Kwa gesti inayojaa wikendi, hilo si jambo kubwa. Kwa yenye chumba kimoja, bora kamisheni.

Walio werevu hutumia vyote viwili. Jukwaa linamleta mgeni mara ya kwanza. Kadi iliyo chumbani yenye namba ya WhatsApp inamrudisha bila kamisheni. Na tovuti inagombania maneno membamba ambayo majitu hayashughuliki nayo: nyumba yenye jiko karibu na lango la Hell's Gate, kambi ya familia Gilgil, malazi wakati wa Safari Rally, ambayo ilirejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021 ikiwa na makao Naivasha. Ukurasa wa namna hiyo uandikwe miezi kadhaa kabla. Ukiuweka wiki ya mashindano, Google huenda hata haijauona.

Kwa vitu kama samani zilizotumika, magari na nyumba za kupanga, Jiji, iliyonunua OLX ya Kenya mwaka 2019, ina wateja waliokuja tayari kununua. Unalipa ukitaka tangazo lipandishwe. WhatsApp Business na katalogi yake ni bure. Facebook na TikTok zinajenga jina, lakini video iliyotazamwa sana si lazima ionekane pale mtu anapotafuta huduma kwenye Google. Muuzaji wa miche ya parachichi anayewauzia wakulima wa Molo na Njoro huenda akafaidika zaidi kwenye makundi ya WhatsApp kuliko kwenye tovuti yoyote.

Wakala wa SEO: kwa nani, na kwa masharti gani

SEO ni kazi ya kuifanya tovuti ieleweke na iaminiwe na Google. Ni kazi halisi, na wapo wanaoijua. Lakini Google inasema hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba matunda ya kazi hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka. Anayeahidi namba moja kwa wiki mbili amejitambulisha mwenyewe. Vilevile anayepiga simu akidai anatoka Google na wasifu wako utafutwa usipolipa: kata simu.

Ada ya Sh 20,000 kwa mwezi ni Sh 120,000 kwa nusu mwaka. Kabla ya kutia saini, taka orodha ya kazi za mwezi wa kwanza kwa maandishi, na taka taarifa ya mwezi ihesabu simu na watu walioulizia njia kwenye ramani, si nafasi kwenye orodha. Mtu anaweza kukupa nafasi ya kwanza kwa maneno ambayo hakuna anayeyatafuta, kwa mfano jina la duka lako mwenyewe.

Nani anunue nini

Mwenye saluni, gereji, duka la dawa au agroveti mjini: wasifu wa bure, uliojazwa kikamilifu, na maoni mapya kila wiki. Weka fedha zako kwenye bango na huduma.

Fundi asiye na duka: wasifu huo huo, anwani ikiwa imefichwa. Matangazo ya kulipia tu kama faida ya kazi moja inazidi kwa mbali gharama ya kumpata mteja, na kwa jaribio la mwezi mmoja lenye kikomo.

Gesti, kambi na waongoza watalii wa Naivasha, Gilgil na Menengai: wasifu, jukwaa moja la kamisheni, kisha tovuti nyepesi idadi ya usiku unaouza itakapotosha kuilipia.

Wakala wa kila mwezi: biashara yenye matawi kadhaa, au inayouza nje ya kaunti, ambayo tovuti yake tayari inaleta wateja.

Kwa wote, kazi ya miezi mitatu ya kwanza ni kuhesabu. Wasifu wa Google hukuonyesha watu wangapi walibofya kupiga simu au kuuliza njia. Kila mteja mpya muulize alikupata wapi, uandike daftarini. Daftari hilo likikuonyesha kwamba Google inakuletea watu, una sababu ya kuongeza pesa na unajua uziongeze wapi. Likiwa tupu, paketi ya elfu ishirini haitaandika chochote ndani yake.