Miaka kumi na mitano kwa sekunde sitini

Msimu wa kumeza kingatiba ya usubi unapofika wilayani Rungwe, swali ni lile lile. Mama aliyesimama kwenye foleni, akisogea taratibu kuelekea fimbo ya kupimia urefu, humwuliza mgawa dawa: "Mwaka jana si nilimeza? Na mwaka juzi? Basi dawa yenyewe haiponyi?" Mgawa dawa hujibu kwamba ndivyo ilivyoagizwa, au kwamba dawa ni ya bure, au kwamba ni kwa faida yake mwenyewe. Majibu yote matatu ni ya kweli, na hakuna hata moja linalojibu swali.

Jibu lenyewe si gumu kwa aliyesomea tiba. Usubi husababishwa na mnyoo aitwaye Onchocerca volvulus. Mnyoo jike, ambaye urefu wake unaweza kukaribia nusu mita, hukaa amejikunja ndani ya kinundu chini ya ngozi, mara nyingi kwenye nyonga au mbavu, na huweza kuishi humo miaka kumi hadi kumi na mitano. Kwa sehemu kubwa ya umri huo huzaa minyoo wachanga, mamia kwa mamia kila siku, nao husambaa ndani ya ngozi na kufika hata machoni. Hao wachanga ndio wanaowasha, wanaochakaza ngozi na hatimaye kupofusha. Ivermectin, dawa ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ugonjwa huu tangu 1987, huwaua wachanga na kumzuia mama yao kuwatoa wengine kwa miezi kadhaa. Mama mwenyewe haimuui. Muda ukipita, huanza tena. Kwa hiyo dawa humezwa kila mwaka si kwa sababu ile ya mwaka jana ilishindwa kazi, bali kwa sababu kinachongojewa ni mnyoo mzee afe kwa uzee wake.

Ugumu uko katika kulieleza jambo hilo. Ndani yake kuna kiumbe asiyeonekana, anayetenda polepole mno, kwa muda unaozidi umri wa mtoto wa darasa la saba. Bango la ukutani huonyesha tukio moja likiwa limeganda. Mgawa dawa mwenye watu mia moja mbele yake hana nafasi ya hotuba. Sanaa inayoweza kuukunja muda, tena ikaifunua ngozi bila kisu, ni filamu ya vibonzo, zile ambazo wengi huziita katuni. Na filamu ya namna hiyo, ikichorwa kwa mkono, imo ndani ya uwezo wa mwanafunzi.

Ushahidi wa karibu unatoka kwa jirani. Mwaka 2012 Mkenya Ng'endo Mukii, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Royal College of Art jijini London, alikamilisha filamu fupi ya dakika kama saba aliyoiita Yellow Fever. Mhudumu wa afya akilisikia jina hilo atafikiri homa ya manjano. La hasha, ni jina la wimbo wa Fela Kuti wa mwaka 1976 kuhusu wanawake wanaojichubua, na mada ya filamu ni mkorogo. Mukii alichanganya michoro na picha za watu halisi, akaijenga filamu juu ya kumbukumbu na mahojiano ya watu wa nyumbani kwake. Yumo msusi wa nywele anayekumbukwa kwa uso uliong'aa kwa mkorogo huku viungo vya vidole vikibaki vyeusi. Daktari wa ngozi huiona alama hiyo kila wiki: ngozi ya juu ya viungo ni nene na haichubuki kwa urahisi, na hidrokwinoni ikitumika miaka mingi huweza yenyewe kuacha weusi usiofutika, achilia mbali zebaki inayodhuru figo na steroidi inayoifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Yumo pia mtoto wa kike anayesema, bila kuona haya, kwamba angependa kuwa mweupe.

Hakuna daktari katika filamu hiyo. Hakuna anayekaripiwa. Mtazamaji anamsikiliza mtoto, na yale ambayo mhadhara wa saa nzima ungeyasema kwa ukali anayaona yeye mwenyewe. Filamu ilitunukiwa Silver Hugo katika tamasha la filamu la Chicago, lakini kwa wahudumu wa afya tuzo si hoja. Hoja ni kwamba mwanafunzi alianza na sauti za watu, na michoro ikazifuata sauti hizo. Vipindi vingi vya elimu ya afya hutengenezwa kinyume: ujumbe huandikwa ofisini, kisha hutafutwa mchoraji wa kuupamba.

Basi achukuliwe mwanafunzi wa uuguzi au wa utabibu aliyeko Tukuyu kwa mafunzo ya vitendo. Mada hana haja ya kuisafiria. Rungwe ni nchi ya maji: Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milimani kwenda Ziwa Nyasa, na ni katika maji yaendayo kasi, yenye hewa ya kutosha, ndimo inzi mweusi wa usubi hutaga na viluwiluwi wake hukua. Wageni huenda kupiga picha Daraja la Mungu na kushangaa jinsi mto ulivyotoboa mwamba. Mtaalamu wa wadudu, akilisikia povu lile, hufikiria jambo jingine. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kipo hapo hapo Tukuyu, na usubi ni miongoni mwa magonjwa kilichoyachunguza kwa muda mrefu.

Kazi ya kwanza ya mwanafunzi huyo si kuchora bali kurekodi lile swali la mama wa kwenye foleni, kwa ridhaa yake, kwa lugha anayoitumia. Mara nyingi itakuwa Kinyakyusa. Kwa sababu hiyo filamu isiwe na maandishi yoyote, ili sauti iweze kubadilishwa kutoka Kinyakyusa kwenda Kiswahili bila kugusa michoro.

Kisha hesabu. Filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde, lakini wachoraji wa vibonzo hukipiga picha kila kibonzo mara mbili, hivyo michoro 12 kwa sekunde inatosha jicho kudanganyika. Filamu ya sekunde sitini ni michoro 720. Mnyoo akipewa umri wa miaka kumi na mitano, kila mwaka wa maisha yake hupata sekunde nne, yaani michoro 48. Mwanzo wa mwaka, vidonge. Vitone vilivyojaa ngozini vinatoweka. Mnyoo mama amelala kinunduni, haguswi. Katikati ya mwaka kimoja kinajitokeza, kisha viwili, kisha kumi. Vidonge tena. Mtazamaji akishaona mzunguko huo mara tatu ameanza kuungojea wa nne, na ndipo, tuseme mwaka wa sita, mchoraji anauruka. Vidonge haviji. Vitone vinajaa, inzi anatua mguuni, anaondoka navyo, na baada ya wiki moja hivi ya kukomaa ndani ya inzi vinaingia katika mguu wa mtoto aliyekuwa akichota maji. Sekunde nne hizo ndizo zinazobeba filamu nzima. Mama aliyeuliza swali alidhani hasara ya kuruka mwaka ni yake peke yake.

Kuchora kwa mkono humfundisha mchoraji kabla ya kumfundisha mtazamaji. Mwanafunzi anaweza kujibu swali la mtihani kwamba dawa huua minyoo wachanga, akapata alama zote, bila kujua wanakufia wapi. Akishika penseli hawezi kukwepa: wanakufia ndani ya ngozi, na mwili hupambana na mizoga yao. Ndiyo maana siku moja au mbili baada ya kumeza dawa baadhi ya watu huwashwa, huvimba au hupata homa. Wengi walioacha dawa waliiacha kwa sababu hiyo, wakiamini wamewekewa sumu. Filamu inayolificha jambo hili itaumbuliwa kijijini siku ya tatu. Ionyeshe kujikuna, ionyeshe kukipoa, na imwonyeshe anayezidiwa akienda zahanati.

Usahihi huo unahitajika pia kwenye fimbo. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi. Kutoka 90 ni kidonge kimoja, kutoka 120 viwili, kutoka 141 vitatu, kutoka 159 na kuendelea vinne. Mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja, na mgonjwa mahututi hukaa kando. Katika mchoro wa foleni watu hao waonekane wamekaa kwenye benchi, wakiheshimiwa, wasiachwe nje ya picha kana kwamba wametoroka.

Ukubwa wa inzi nao una historia yake. Katika miaka ya 1935 hadi 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za elimu kwa Waafrika, wenye makao yake Vugiri karibu na Korogwe, na afya ilikuwa mojawapo ya mada zake. Tangu enzi hizo husimuliwa kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyejaza kitambaa chote cha sinema, wakafarijika kwamba kwao hakuna mbu wa ukubwa huo. Kisa hicho kimerudiwa mara nyingi kwa kuwacheka watazamaji. Lakini wao walisema kweli. Aliyekosea ni aliyekata picha kutoka mtu hadi mdudu bila kuonyesha njia. Mchoraji wa Tukuyu amchore inzi kwanza kwa ukubwa wake halisi, mdogo kuliko punje ya mchele, juu ya muundi wa mtu, kisha amkuze polepole kwa michoro 24 mfululizo mpaka kibyongo chake kionekane. Sekunde mbili tu, na hakuna atakayepotea.

Vifaa havitishi. Ili mchoro mpya ufuate ule wa chini yake huhitajika meza yenye mwanga, na mahali ambapo eksirei za kidijitali zimeingia, kile kisanduku cha mwanga cha kusomea picha za eksirei huwa kimetupwa stoo. Karatasi zikitobolewa matundu mawili kwa panchi ya ofisini na kuvishwa kwenye vigingi viwili, hazitasogea. Simu hufungwa juu ya meza ikitazama chini. Tatizo litakalomsumbua ni hali ya hewa ya Tukuyu: wingu likipita dirishani kati ya picha moja na nyingine, filamu itameta kama taa mbovu. Apige picha usiku, kwa balbu mbili zilizowekwa pande zote mbili za meza.

Je, vibonzo hubadilisha lolote? Kwa minyoo ya tumbo upo ushahidi. Katika mkoa wa Hunan nchini China, watafiti waliwaonyesha watoto wa shule katuni ya dakika 12, wakilinganisha shule 38 zilizogawanywa kwa kura; watoto wote walitibiwa mwanzoni. Mwishoni mwa mwaka wa masomo, walioambukizwa upya katika shule za katuni walikuwa asilimia 4.1, na katika shule nyingine asilimia 8.4. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Isisahaulike kwamba katuni ile haikuachwa peke yake: ilifuatana na kijitabu, maswali na majibu, na mashindano ya kuchora na kuandika insha. Tena kunawa mikono si sawa na kumeza kidonge cha kila mwaka. Filamu ya usubi itabidi ipimwe kwa kipimo chake.

Kipimo cha awali kinaweza kufanywa kabla hata michoro haijapakwa rangi. Mwanafunzi awaonyeshe rasimu watu kumi, wakiwemo wasiojua kusoma, na asiwaulize kama wameelewa, kwa kuwa kila mtu mwenye adabu atasema ameelewa. Awaulize wameona nini. Mzee mmoja akisema ameona mtu anayekula pipi kila mwaka na bado anaumwa, basi vidonge vimechorwa vibaya, na michoro kadhaa itarudiwa. Akiuliza kama baada ya miaka kumi na mitano atakuwa amemaliza, ajibiwe kwa ukweli: hiyo ni hesabu ya mnyoo mmoja, na inzi akimwambukiza upya hesabu huanza upya. Dawa husitishwa kwa eneo zima, pale wizara inapopima damu za watoto na kuridhika kwamba maambukizi yamekatika.

Marekebisho hayo yana gharama ya muda, wiki mbili au tatu za jioni. Gharama ya karatasi ni ndogo. Rimu moja ya A4 ikikatwa katikati hutoa karatasi 1,000: 720 za filamu, na 280 za makosa.